Kitabu cha Penseli na Sumu ya Sifongo

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kikapu cha glavu kilifika chumba cha kuoshea vyombo kama kawaida, na kama kawaida kilikuwa kimejaa glavu zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine.

Utaratibu wa maabara ile ulikuwa hivi. Mtafiti anavaa glavu mpya asubuhi, anazivua akienda kunywa chai, akirudi anavaa nyingine. Zile alizovua hazitupwi. Zinageuzwa, upande wa nje unakuwa wa ndani, zinanyunyiziwa poda ya watoto wachanga, kisha zinapelekwa kwa waosha vyombo. Waraka wa Mkuu wa maabara, uliobandikwa juu ya masinki, ulieleza kwamba upande wa ndani wa glavu haujagusa kitu chochote isipokuwa mkono wa msomi, kwa hiyo ni safi, kwa hiyo uwe wa nje. Waraka ulikuwa na mhuri. Haukusema huo upande mwingine, unaokwenda kwenye ngozi ya mwosha vyombo, ulikuwa umegusa nini. Waliouliza hawakuwa na mhuri.

Mwosha vyombo mwenyewe aliitwa Mama Chupa. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa ameosha chupa kwa miaka kumi na minne, na watu wakaona muda huo unatosha kuwa undugu. Chumba chake kilikuwa na masinki matatu: la kwanza la maji ya sabuni, la pili la maji ya bomba, la tatu la maji ya mvuke uliopozwa, ambayo hayana hata ladha. Kila chombo kilipita kote kutatu. Sinki la pili lilikuwa la mwenzake aliyeitwa Pacha, kwa sababu waliajiriwa siku moja na wakapewa sare za saizi moja, isiyomtosha yeyote kati yao. Mwaka juzi viganja vya Pacha viliharibika, akaachishwa kazi kwa uzembe. Tangu hapo Mama Chupa aliosha peke yake, akikimbia kutoka sinki hadi sinki kama golikipa wa timu mbili.

Jumanne hiyo alichagua glavu za bluu, akazipuliza kuona kama hazijatoboka, akavaa. Saa tano kasorobo mkono wa kulia ukaanza kuwaka.

Alizivua. Mkono ulikuwa mwekundu kuanzia kwenye kucha hadi kifundoni, na wekundu ule uliishia pale glavu ilipoishia, ukiwa umenyooka kama pindo la fundi cherehani. Aliuweka chini ya bomba. Wakati bado anahesabu dakika kumi na tano za kanuni, akaingia mtafiti wa chumba namba mbili, binti mwembamba waliyemwita Miwani, akitafuta mirija yake.

Miwani akaiona glavu ya bluu juu ya meza. Akaiona herufi aliyoiandika mwenyewe kwenye kidole gumba.

“Mama, hii umeitoa wapi?”

“Kikapuni. Kwani mtumba unaulizwa ulikotoka?”

“Hii ni yangu ya jana. Jana nilikuwa na sifongo.”

“Sifongo ya kuogea?”

“Ya baharini. Yenyewe hasa ni mnyama, mama. Hana meno, hana miguu, amenasa kwenye mwamba kazi yake kuchuja maji. Adui akija hawezi kukimbia. Basi kajitengenezea sumu mwilini. Sisi tunainunua hiyo sumu, inakuja kwenye kichupa kidogo, ukikitazama unaona hewa tupu.”

“Kwa hiyo hana pa kukimbilia, kutwa nzima yuko majini, na wakubwa wanamla,” alisema Mama Chupa. “Namfahamu huyo. Endelea.”

Miwani aliendelea, maana alikuwa mtu wa kufundisha hata akiwa na hofu. Alieleza kwamba ndani ya chembe za mwili kuna vimeng'enya vya namna mbili. Vya kwanza kazi yao kubandika alama juu ya protini: fanya hivi, simama, anza. Vya pili kazi yao kuzibandua alama hizo. Sumu ya sifongo inavishika vile vya kubandua, vinaganda. Vile vya kubandika vinaendelea kubandika.

“Kwa hiyo kikishaandikwa hakifutiki.”

“Ndani ya chembe, mama. Ndani ya chembe tu.”

“Haya. Niletee kitabu cha ajali.”

Miwani alisimama akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. “Mama, andika sabuni. Ukiandika sabuni haina shida. Mkuu hana ugomvi na sabuni.”

“Sabuni nimekaa nayo miaka kumi na minne haijaninyooshea hata kidole. Leo niisingizie?”

Kitabu cha ajali kilining'inia kwenye ndoano karibu na mlango, kurasa zake zimepigwa namba, na penseli ilifungwa kwa uzi ili asitokee mtu akaandika kwa kalamu ya wino. Hii nayo ilikuwa amri. Kila Ijumaa kabla ya wakaguzi kuja, Mkuu alikichukua kitabu, akafunga mlango wa ofisi, akatoa raba. Siku hiyo wafanyakazi waliiita Ijumaa ya Raba, na waliisema hivyo hivyo bila kushusha sauti, kama mtu anavyosema siku ya kulipa maji. Ndiyo sababu maabara ile haikuwa na ajali hata moja kwa miaka tisa. Palikuwa na vidole vichache vilivyopungua, lakini ajali hapana.

Mama Chupa aliandika kwa ule mkono mwekundu, kwa herufi kubwa:

“Jumanne, saa tano kasorobo. Glavu ya chumba namba mbili, iliyogeuzwa, ilikuwa na sumu ya sifongo. Mkono wa kulia umeungua. Glavu hizi tunavalishwa kwa amri ya Mkuu.”

Alipomaliza aliegemeza kiganja mezani kujipa nguvu. Kiganja kilikuwa kimelowa, kikaacha alama kwenye bati. Alama ile haikukauka. Aliipangusa kwa kitambaa cha pamba, kitambaa kikatoka kikavu na alama ikabaki imelowa, vidole vitano na mikunjo yake. Akatandika gazeti juu yake, akaendelea na chupa.

Jumatano alichora mistari ya chaki ubaoni kuhesabu vyombo, na jioni mistari haikufutika. Alhamisi sumu ilifika mdomoni.

Nyumbani aliishi na wifi yake. Mume wa Mama Chupa alifariki miaka sita iliyopita. Wifi alibaki, kama mwamvuli wa mgeni unavyobaki, na mpaka sasa hakuna aliyejua nani kamkaribisha nani. Alhamisi wifi alipika mboga. Mama Chupa alionja akasema, “Chumvi imezidi.” Akala, akaosha sahani, akaenda kuanua nguo. Maneno yakabaki jikoni, juu ya jiko, kwa sauti yake ileile. Si kila alichosema kilibaki, ila yale tu aliyoyatamka kama anayeandika kitabuni.

Ijumaa asubuhi wifi alikwenda kuchemsha maji ya chai. “Chumvi imezidi,” jiko likamwambia.

“Wifi!” aliita. “Ukitaka kunisema, kanisemee uani. Humu ndani watu wanaishi. Sasa hata maji yana chumvi?”

“Samahani wifi. Ni kazini. Nimeingiwa na sifongo.”

“Wenzio wanaingiwa na mafua.” Wifi akafunika birika. “Na huo mkono unapaka nini?”

“Nimepaka kila kitu. Wekundu hautoki.”

Wifi aliutazama ule mkono kwa muda, akautia dawa ya ngozi kwa mara nyingine, polepole, kati ya kidole na kidole. Kisha akasema, “Basi na wewe usitoke.”

Neno hilo lilikuwa la wifi, si la Mama Chupa, kwa hiyo liliondoka kama maneno mengine ya watu. Ilibidi alikumbuke mwenyewe.

Ijumaa ile ilikuwa Ijumaa ya Raba, kwa kuwa wakaguzi wangefika Jumatatu saa nne. Mkuu alikichukua kitabu baada ya chai. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyekata kucha vizuri na kukumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Aliufungua ukurasa, akasugua. Raba ikaisha. Akaagiza nyingine, nayo ikaisha, meza ikajaa mabaki meusi kama ya kuchonga, na maandishi yakawa yanang'aa zaidi kwa sababu yalikuwa yamesafishwa.

Akauchana ukurasa. Karatasi ilitoka, maandishi hayakutoka. Yalikuwa kwenye ukurasa uliofuata, mstari kwa mstari. Akauchana na huo. Alipofika wa nne akakumbuka kurasa zina namba na wakaguzi wanapenda sana kuhesabu, akaacha. Akanyoosha tai, akamwita Mama Chupa.

“Karibu, mama. Kaa.”

“Nimesimama miaka kumi na minne, Mkuu. Nikikaa ghafla nitaumwa.”

“Mimi na wewe ni watu wazima,” alisema Mkuu. “Wakaguzi wakiona hili, chumba namba mbili kitafungwa. Miwani atapoteza utafiti wake wa miaka mitatu. Unampenda yule binti.”

“Nampenda. Na yeye ananipenda. Ndiyo maana aliniambia niandike sabuni.”

“Basi tusaidiane.” Alisukuma karatasi iliyochapwa. “Saini hapa tu.”

Karatasi ilisema kwamba yeye, mwosha vyombo, aliziokota glavu kwenye pipa la taka kwa hiari yake, kinyume cha maelekezo, na kwamba yaliyoandikwa kitabuni aliyaandika akiwa na maumivu hivyo hakuwa na akili zake. Juu ya karatasi palikuwa na kalamu.

Mama Chupa aliichukua kalamu, akaigeuza kwenye mwanga. “Hii ni ya wino.”

“Ndiyo.”

“Kumbe wino upo.”

Mkuu alitabasamu, kwa sababu hakuwa mtu asiyeelewa utani. Kisha akasema taratibu, bila ubaya wowote, kama daktari anayesoma cheti cha mtu mwingine: “Pacha naye alikuwa mkaidi, mama. Aliandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wako. Kiko wapi alichoandika? Una mpaka Jumatatu kabla ya saa nne. Bila saini, nawe utaondoka kwa uzembe.”

“Hapana,” alisema Mama Chupa.

Neno lilibaki pale, usawa wa kifua, kati ya meza na kabati la mafaili. Mkuu alipotaka faili ilimbidi apitishe mkono katikati yake, nalo likasikika kila alipopitisha. Baada ya mara tatu alianza kuyafuata mafaili kwa kuzunguka nyuma ya kiti.

Kitabu kilirudishwa kwenye ndoano, kwa sababu wakaguzi walitaka kukikuta kwenye ndoano. Mama Chupa alikishusha saa saba, wenzake walipokwenda kula. Lile swali la Mkuu lilikuwa limemkaa: kiko wapi alichoandika? Alifungua kurasa za miaka ya nyuma, nyeupe, safi, laini kwa kusuguliwa. Akapitisha kidole. Chini ya kidole palikuwa na mabonde.

Mtu aliyesoma hata darasa la nne anaijua kazi hii. Alilaza penseli ubavu, akapaka ukurasa mzima polepole kama anayepaka mafuta mwilini, na pale palipokuwa na bonde penseli ikapita juu bila kugusa. Maandishi yakatokea, meupe ndani ya kijivu. Hapo hapakuwa na mambo ya sifongo, ni mbinu ya kila mwanafunzi aliyewahi kutafuta barua ya mwenzake. Sifongo ilifanya lile la pili tu: kijivu kilichopakwa na mkono ule hakingefutika tena.

Alipaka hadi saa nane. Walikuwa kumi na mmoja. Asidi, goti la kushoto. Chupa imepasuka, kidole cha shahada. Mvuke, jicho, naona ukungu. Mwingine hakuandika jeraha, aliandika tu, “Nimeomba kwenda hospitali, nimeambiwa nimalize kwanza.” Na kwenye ukurasa wa sabini na nne ulikuwepo mwandiko mzuri, ulioinama kidogo kulia:

“Glavu ya chumba namba mbili. Ngozi ya viganja vyote viwili inatoka. Siwezi kufunga vifungo vya nguo yangu. Naomba glavu mpya, jozi moja.”

Mama Chupa alisoma mara mbili. Alikumbuka kwamba mwaka ule, kwa wiki tatu, Pacha alikuwa anakuja kazini amefunga blauzi kwa pini, na yeye akamtania kwamba amepata mchumba mwenye haraka. Pacha alicheka. Mama Chupa alikirudisha kitabu kwenye ndoano, akaosha pipeti mia moja na sita.

Jumapili wifi aliuliza, “Utasaini?”

“Sisaini.”

“Ukifukuzwa utashinda hapa na mimi kutwa, na maneno yako yote. Nyumba haitatosha.”

“Tutaongeza chumba.”

Tangu siku hiyo jiko lao lilisema, “Chumvi imezidi. Sisaini.” Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alidhani ni msimamo wa familia, akauheshimu.

Jumatatu saa tatu na nusu Mkuu aliilaza ile karatasi kando ya sinki la kwanza, na kalamu juu yake. Mama Chupa aliinyanyua kalamu, akaiosha kwa sabuni, akaisuuza kwa maji ya bomba, akaisuuza tena kwa maji ya mvuke, akaipanga kwenye rafu ya vyombo safi. Karatasi aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza, ambao ulikuwa unacheza tangu mwaka juzi. Kisha akasimama kando ya kitabu.

Wakaguzi walikuwa wawili, mrefu na mfupi, na fomu yenye visanduku. Waliingia ofisini kwanza. Mfupi alinyoosha mkono kwenye kabati. “Hapana,” ofisi ikasema.

“Nani amekataa?” aliuliza mfupi.

“Ni ofisi,” alisema Mkuu. Mfupi akaandika: Kelele kidogo, zinavumilika.

Chumba cha kuoshea walikipima urefu, wakahesabu masinki, wakakuta matatu. Mrefu alishusha kitabu cha ajali. Alisoma ukurasa wa Mama Chupa. Akarudi nyuma, akasoma za kijivu, zote kumi na moja, akilowesha kidole kwa ulimi kila alipofunua. Mkuu alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Miwani, nyuma yake, alikuwa amevua miwani na hakuivaa tena.

“Kitabu cha ajali kipo?” mfupi alisoma kwenye fomu.

“Kipo.”

“Kimeandikwa?”

“Kimeandikwa.”

“Kinasomeka?”

Mrefu alisugua ukurasa kwa dole gumba, kwa nguvu, akatazama dole lake likiwa safi. “Kinasomeka sana,” alisema. “Sijawahi kuona kumbukumbu zinazotunzwa namna hii. Kwingine tunakuta vitabu vitupu.”

Mama Chupa alikivuta kikapu, akakiweka miguuni pao. “Na hizi je? Ndizo zilizoandikwa humo. Pokeeni, vaeni.”

Mfupi aliipitia fomu kutoka juu hadi chini, akaigeuza, akapitia nyuma. Hapakuwa na kisanduku cha glavu. “Mama, hilo ni la idara nyingine,” alisema, na alilisema kwa huruma.

“Idara gani?”

“Nyingine.”

Wiki iliyofuata maabara ilipata cheti cha utunzaji bora wa kumbukumbu, chenye fremu na kioo. Kilitundikwa kwenye korido mbele ya ofisi ya Mkuu, na Mama Chupa akaambiwa akisafishe kioo kila Ijumaa. Suala la kuondoka kwa uzembe halikutajwa tena. Ni vigumu kumfukuza mtu aliyekuletea cheti.

Lakini Mkuu hakuwa mtu wa kurudia kosa. Siku ya pili yake ulibandikwa waraka mpya juu ya ule wa zamani, na mhuri mpya: kuanzia sasa, ili kulinda kitabu kilichopewa cheti, ajali zote ziripotiwe kwa mdomo, kwa Mkuu, mara moja tu. Kikapu cha glavu kilifika saa moja na nusu.

Mama Chupa aliusoma waraka mara mbili, akaona kwamba unatekelezeka.

Saa sita mchana, watu wakiwa wanatoka kwenda kula, alichukua kitabu akasimama kwenye korido mbele ya mlango wa Mkuu. Mlango ulikuwa umefungwa. Waraka haukusema aripoti ndani au nje. Akaripoti kwa mdomo, mara moja tu. Alianza na goti la kushoto la miaka tisa iliyopita, akaja kwenye kidole, akaja kwenye jicho lenye ukungu, akasoma kila mtu na tarehe yake, bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama anayeita majina ya darasani. Akaja kwenye viganja vya Pacha na jozi moja aliyoomba. Akamalizia na mkono wake mwenyewe, wa kumi na mbili. Watafiti walisimama na sahani zao. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyeondoka kabla hajamaliza. Kisha wakaenda kula, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Ripoti ilibaki pale. Ilijipanga kwenye korido kuanzia kwenye cheti hadi kwenye mlango wa choo, na mtu aliyepita aliisikia yote kwa mfuatano, goti kwanza. Watu walijifunza kupita wakiwa wameinamisha kichwa, kama wanaopita chini ya nguo zilizoanikwa. Wageni walidhani ni redio. Aliyekuwa na haraka ya choo alisikia ajali tano tano.

Alhamisi alikuja Pacha. Mlinzi wa geti alimfahamu, akamfungulia bila kuuliza. Alikuwa amevaa gauni la kuvaa kwa kichwa, lisilo na kifungo hata kimoja, na mikono ameificha kwenye mifuko. Mama Chupa alimtangulia hadi kwenye korido, akamsimamisha mahali penyewe, hatua ya nane kutoka kwenye cheti.

“Siwezi kufunga vifungo vya nguo yangu,” ilisema korido. “Naomba glavu mpya, jozi moja.”

Pacha alisikiliza. Alirudi nyuma hatua moja, akaja mbele tena ili maneno yaanze upya. Watafiti wawili waliokuwa wanapita wakazunguka ukutani kumpisha.

“Sauti yako mbaya,” alisema hatimaye. “Lakini maneno ni yangu.”

“Nilikutania juu ya zile pini.”

“Ulinitania vizuri. Mchumba mwenye haraka!” Pacha akacheka, akatoa mkono mmoja mfukoni, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono kwa sababu kiganja kilikuwa hakifai kwa kazi hiyo. “Wamekupa hizo glavu?”

“Hawajanipa.”

“Basi nilidhani nimechelewa kuja kuzijaribu.”

Walikaa kwenye ngazi za nyuma wakanywa chai, Mama Chupa akimshikia mwenzake kikombe kwa mkono wa kushoto, na kila mmoja akamsema Mkuu kwa zamu. Aliyosema Mama Chupa yako pale ngazini mpaka leo na si ya kuchapwa kitabuni.

Miezi miwili ikapita. Chumba namba mbili kiliendelea kufanya kazi, na Miwani alichapisha utafiti wake, mwishoni aliwashukuru watu kumi na saba, wa kumi na saba akiwa “chumba cha kuoshea vyombo.” Glavu zake yeye alianza kuzikata vidole kabla ya kuzitia kikapuni, zisivalike. Alipewa onyo la maandishi kwa kuharibu vifaa. Mama Chupa naye aliacha kuvaa chochote cha kikapuni. Aliosha vyombo kwa mikono mitupu, akitumia koleo refu alilolikunja mwenyewe kutokana na waya wa nguo, kazi ikawa inakwenda taratibu mara tatu, na watafiti walipolalamika kwamba vyombo vinachelewa aliwaelekeza kwenye korido, wakasikilize sababu. Mkono wake wa kulia ulibaki na pindo lake jekundu.

Mkuu alizoea. Binadamu ni mtu wa kuzoea, na yeye alikuwa na digrii tatu. Mwanzoni alifunga pamba masikioni, baadaye akaacha. Jumatano moja, saa nne na robo, Mama Chupa alikuwa anapita na kikapu cha glavu kukirudisha kilikotoka, kama alivyofanya kila siku, akakuta mlango wa ofisi uko wazi. Mkuu alikuwa ameinamia meza. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaifuatisha ile ripoti kwa sauti ya chini, neno kwa neno, goti, kidole, jicho, bila kukosea hata tarehe, kama mtu anayefuatisha wimbo anaoupenda redioni. Mkono wake ulikuwa unasaini oda ya vifaa. Mama Chupa alisoma kutoka pale mlangoni: glavu mpya, boksi sita, za watafiti.

Alikiweka kikapu chini. Akanyoosha mgongo, akasafisha koo. Mkuu akainua kichwa na kalamu mkononi, akajua kinachokuja, lakini hakukuwa na kanuni yoyote ya kumzuia mtu kuripoti kwa mdomo.

“Leo, Jumatano, saa nne na robo,” alisema Mama Chupa. “Mkuu amesaini boksi sita. Za kuoshea vyombo, hakuna hata jozi moja. Ajali anazijua zote kumi na mbili kwa moyo.”